Nilivyoishia Penang

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Naandika programu za kompyuta kwa wateja wa London, kazi yote inapita mtandaoni. Mwaka 2024 nilipoamua kuhamia Asia ya Kusini-Mashariki nilianza vibaya: miezi miwili mizima natazama video za Bali ya Indonesia na Da Nang ya Vietnam, nalinganisha fukwe kana kwamba Nyali hakuna bahari.

Kilichonizindua ni pasipoti. Siku moja nilichukua daftari nikajiuliza: Mkenya anayelipwa kutoka nje ataruhusiwa kukaa wapi, kihalali, zaidi ya muda wa likizo? Nusu ya ndoto zikafa jioni ileile. Indonesia ilitaka mapato ya dola 60,000 kwa mwaka, nami sikuyafikia. Vietnam ina viza ya mtandaoni ya siku 90, lakini si ya kazi, na sikutaka maisha ya kukimbilia mpakani kila miezi mitatu. Zikabaki mbili. Thailand ilikuwa ndiyo kwanza imeanzisha viza ya DTV kwa wanaofanya kazi mtandaoni, ya miaka mitano, ila uonyeshe akiba ya baht 500,000. Malaysia ilikuwa na kibali cha DE Rantau, nacho cha watu wa kazi za mtandaoni: ukiwa mtu wa kompyuta, dola 24,000 kwa mwaka zinatosha, unapewa hadi miezi 12.

Akiba ya Thailand ningeifikisha kwa kuuza gari. Nikaona kabla ya kuuza chochote, niende nikaonje.

Machi 2025 nikatua Chiang Mai, mji wa Thailand ambao kila mtu alinisifia. Hakuna aliyenitajia Machi! Ndio msimu wa kuchoma mashamba na misitu, moshi unatuama bondeni. Mlima Doi Suthep uko pale pale kando ya mji, lakini siku nyingi sikuuona. Chakula kitamu, watu wapole, lakini pumu yangu ya utotoni ikarudi. Wiki mbili nimefunga madirisha.

Penang, kisiwa cha Malaysia, nilifika kumi la mwisho la Ramadhani. Alasiri barabara zimejaa meza za futari, na asubuhi baada ya Idi nikapata nasi lemak. Nikampigia Mama.

"Wali wa nazi?" akauliza.

"Wa nazi, Mama. Na dagaa wa kukaanga juu."

"Basi hapo utaishi."

Lugha nayo ilinichekesha. Sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, meza ni meja, nanasi ni nanas, dunia ni dunia. Nilipoona kibao cha "gereja" nilidhani nimepita gerezani, kumbe ni kanisa. Neno ni lile lile la Wareno, sisi tu tuliligeuza.

Si kwamba kila kitu kilikuwa asali. Nyumba ya kwanza niliyoipenda, dalali alinipigia kwa aibu: mwenyewe hataki Waafrika. Ya pili hivyo hivyo, ila huyo hakuona hata aibu. Ya tatu nikamwomba dalali ataje nchi yangu kabla hatujaenda kuiona, nisijichoshe bure, na mama mmoja wa Kichina akakubali. Pesa ya kuingilia iliniuma: dhamana ya kodi ya miezi miwili, nusu mwezi ya maji na umeme, na kodi ya mwezi wa kwanza. Mtu asije na kodi ya mwezi mmoja mfukoni.

Kibali nilikiomba kwa mkataba wa kazi na taarifa za benki. Sasa London wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, huku kwangu ni saa kumi alasiri, au kumi na moja majira yao ya baridi. Asubuhi yote ni yangu: sokoni, kufua, kulala.

Kibali huongezwa mara moja tu. Gari sijaliuza. Liko Mombasa, kaka yangu analiendesha, na daftari bado ninalo.