Mkaa na pembe zilizoanguka: kumbukumbu ya mwaka wa kwanza wa kumfundisha mbwa

Naishi Rochester, kusini mashariki mwa Minnesota, Marekani. Ukitoka mjini kuelekea mashariki, mashamba ya mahindi na soya yanakatika ghafla, ardhi inavunjika kuwa mabonde na miteremko yenye misitu inayoshuka hadi mto Mississippi. Kulungu wa mkia mweupe wamejaa humo. Naandika "kulungu" kwa kuwa ndivyo tunavyowaita nyumbani kwetu, ingawa kanisani wapo wanaosema ayala. Ila msomaji wa Lushoto asije akamfikiria kulungu wake. Yule wa kwetu akishaota pembe hufa nazo. Dume wa huku huota pembe mpya kila mwaka na kuziangusha kila mwaka.

Pembe yenyewe ni mfupa mtupu. Huanza kuota theluji inapoisha, ikiwa imevikwa ngozi laini yenye manyoya mafupi, na damu inapita humo majira yote ya joto. Mwezi wa tisa ngozi imeshakauka na dume anaisugua kwenye miti mpaka ibanduke. Novemba anapigania majike. Msimu huo ukipita, homoni ya kiume inashuka, mfupa unalegea pale pembe iliposhikamana na fuvu, na kati ya Desemba na Machi pembe inadondoka. Moja inaweza kuanguka leo penye mahindi, nyingine keshokutwa ng'ambo ya bonde.

Nilianza kuzitafuta kwa miguu, mimi na binti yangu, kwenye shamba la mzee mmoja aliyeturuhusu kuingia. Mwaka mzima wa kwanza tuliokota moja. Masika hayo hayo tukakuta mzoga wa dume mkubwa chini ya mwerezi, ameoza, mshale uliovunjika bado uko ubavuni. Mtu alimpiga, akamtafuta, akakata tamaa. Mimi siwindi, lakini nimelelewa kwenye nyumba ambayo nyama haitupwi, na mzoga ule ulinikaa moyoni. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta mbwa wa kazi mbili: aokote pembe mwezi wa tatu, na Novemba amfikie kulungu aliyejeruhiwa kabla nyama haijaharibika.

Mei

Kuchagua kumenichukua miezi minne. Wajerumani kwa kazi ya kufuata damu wana mbwa wao wa tangu zamani: yule wa milimani Bavaria, na yule mfupi mwenye manyoya magumu, Dachshund. Nilimpenda sana huyu mfupi. Anakwenda taratibu, pua iko sentimita chache tu toka ardhini, wala hana haraka ya kumzidi anayemshika kamba. Lakini pembe ina mahitaji yake. Inataka mbwa ambaye kubeba kitu mdomoni na kukuletea ni raha yake, na awe na miguu ya kuvuka theluji ya mwezi wa tatu. Nikaishia kwa Labrador.

Kabla ya kutazama watoto wa mbwa nilitaka kuona picha za eksirei za nyonga za mama na baba, maana Labrador wana ugonjwa wa nyonga unaorithiwa, na mbwa wa kupanda miteremko siku nzima asipokuwa na nyonga nzima utakuwa unamtesa. Halafu nikakaa chini na watoto saba. Nilirusha soksi iliyofungwa fundo. Wanne waliikimbilia, wawili wakaileta. Nikaficha kipande cha ini kwenye majani marefu, nikawaachia mmoja mmoja. Mmoja wa wale wawili alikipata haraka mno, kwa bahati. Mwenzake, jike jeusi tii, alikipita, akasimama, akageuza kichwa, akarudi akizunguka duara dogo, kisha dogo zaidi, mpaka akakifikia. Alichukua muda mara tatu ya mwenzake, na katika muda wote huo hakuinua uso kuniangalia mimi. Nikamchagua huyo. Binti yangu akamwita Mkaa.

Juni na Julai

Mambo ya nyumbani: njoo, kaa, leta, achia. Mtu asiyeyamaliza haya asiende porini.

Pembe ya kwanza kumpa ilikuwa ya mpira laini. Mtoto wa mbwa akijichoma na ncha ya pembe halisi mara moja tu anaweza kuiogopa miezi mingi. Nairusha koridoni mara tano, basi. Haachiwi kuitafuna, na mchezo unakwisha akiwa bado anautaka. Mwisho wa Julai tulihamia kwenye pembe halisi ndogo, ncha nimezipiga msasa.

Agosti: kosa langu

Hili naliandika kwa urefu kwa sababu lilinigharimu wiki tatu, na nadhani wengi wanalifanya bila kujua.

Nilikuwa nikificha pembe sita kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba, narudi, namfungulia Mkaa. Alizipata zote sita. Kesho yake sita tena. Nilimpigia kaka yangu Moshi kumwambia nimepata mbwa wa ajabu. Siku ya nne binti yangu, aliyekuwa amekaa ngazini, akasema, "Baba, anapita pale pale ulipopita wewe."

Nikaenda uwanjani bila pembe yoyote. Nikatembea, nikakata kona, nikasimama penye kichaka, nikarudi. Nikamfungulia. Mkaa aliinamisha pua, akafuata kila hatua yangu, akakata kona niliyokata, akafika kichakani, akakaa chini na kunitazama. Siku zote hizo alikuwa akinitafuta mimi. Nilikuwa nimemfundisha kwamba mwisho wa nyayo za baba kuna zawadi, na kwa mbwa huo ni ukweli kamili, hakukosea hata kidogo. Porini kulungu anapoangusha pembe yake hakuna nyayo za mtu.

Nilianza upya. Pembe zote nilizisugua kwa magadi na maji ya moto, nikazitundika nje ndani ya gunia, na tangu hapo hazishikwi bila glavu. Sizipeleki tena kwa miguu hadi zinapolala. Nasimama njiani nazirusha mbali, au binti yangu anazirusha kutoka upande mwingine, kisha tunaziacha zilale usiku kucha. Natembea ovyo uwanja mzima ili nyayo zangu zisimwambie kitu. Na namleta Mkaa upepo ukiwa unatupiga usoni.

Siku tatu za kwanza hakupata hata moja. Alizunguka, akanirudia, akalalamika. Siku ya nne nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwake. Alikuwa anakimbia, pua juu, na kichwa kikavutwa kando kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Miguu ilikuwa bado inakwenda mbele. Akageuka, akaipoteza harufu, akairudia, akaingia kwenye nyasi na kutoka na pembe. Tangu siku hiyo namtazama kichwa tu.

Septemba na Oktoba: damu

Sheria ya Minnesota inaruhusu mbwa kutafuta kulungu aliyejeruhiwa au aliyekufa, mradi yuko kwenye kamba mkononi mwa mtu muda wote. Kamba yangu ni ya futi 30, na inafungwa kwenye mkanda wa kifuani ili shingo isibanwe anapovuta. Mkanda huo hauvaliwi kwa jambo jingine. Akiuona tu, anajua leo ni pua chini, si pua juu.

Damu alinipa mwenzangu wa kazini anayewinda kwa upinde, aliigandisha msimu uliopita baada ya kulungu wake kupimwa. Upimaji si jambo la kuruka. Kaunti ya Fillmore, jirani yetu kusini, tangu 2016 kumekuwa na kulungu wenye ugonjwa wa kudhoofika, ule unaoletwa na prioni, yaani protini iliyokunjika vibaya. Prioni hukaa udongoni miaka, kwa hiyo mtu hachukui damu, kwato wala mifupa kutoka eneo la ugonjwa na kwenda kuitumia shamba lingine.

Njia ya kwanza ilikuwa hatua hamsini, imenyooka, damu ikidondoshwa kwa chupa ya kubinya, mwishoni kuna kipande cha ngozi. Baada ya wiki mbili tukaweka kona. Kisha nikaiacha njia ikae saa mbili, saa nane, usiku mzima, na kila mara nikipunguza damu. Mwisho wa Oktoba alifuata mita 200 zenye kona tatu, zilizolala usiku, kwa damu isiyojaa kikombe cha kahawa.

Nimejifunza kwamba damu si kila kitu. Kulungu ana tezi kati ya vidole vya kwato, na kila hatua anaacha harufu yake, damu ikiwepo isiwepo. Kwa sababu hiyo nilifunga kwato chini ya viatu nikatembea nazo. Sehemu ambazo nilisahau kudondosha damu kabisa, Mkaa alizipita bila kusita.

Novemba

Mwenzangu yule alipiga simu saa kumi na mbili jioni. Amempiga dume, amempoteza, mshale una majimaji ya kijani na unanuka. Huo ni mshale wa tumbo. Nikamsihi asimfuate. Kulungu aliyepigwa tumboni akiachwa hulala chini si mbali. Akisukumwa huenda maili nzima. Usiku ulikuwa wa baridi kali, nyama ingehimili.

Saa moja asubuhi tulikuwa pale. Mkaa ana miezi minane. Nilimvalisha mkanda, nikamwonyesha nywele na doa la kwanza. Aliondoka kwa mwendo wa kutembea, kamba imekaza kidogo, na kila baada ya mita kadhaa tuliona tone kwenye jani, basi nikawa na imani. Penye seng'enge damu ikaisha.

Mkaa alitaka kupita chini ya waya na kupanda mlima. Mwenzangu akasema hapana, aliyeumia hushuka majini, kijito kiko huku. Nikamsikiliza yeye. Nikavuta kamba. Mkaa alipinga, kisha akanifuata, mkia ukashuka, na kwa dakika arobaini alitembea kando ya kijito akinusa hiki na kile, bila kazi. Kila nikimwambia "tafuta" alinitazama mimi. Nikakumbuka uwanja wa Agosti: ameacha kumtafuta kulungu, ananitafuta mimi tena, na aliyemfanyia hivyo ni mimi.

Tukarudi kwenye tone la mwisho. Nikamwomba mwenzangu akae pale pale asiseme neno, nami nikafunga mdomo na kulegeza kamba. Akapita chini ya seng'enge. Akapanda. Hakuna damu, hakuna unyayo niliouona, majani makavu tu na mwanga wa baridi kati ya miti. Mita mia na hamsini hivi. Kisha kamba ikalegea. Alikuwa amesimama chini ya mwerezi, pua kwenye bega la dume, manyoya ya mgongoni yamemsimama.

Nyama ya ndani karibu na tumbo haikufaa. Mapaja na mabega yalikuwa salama. Mwenzangu alilia, mtu mzima, akamkumbatia mbwa. Mkaa alipewa muda wa kuvuta ngozi na kuilamba, hayo ndiyo malipo yake.

Desemba hadi mwanzo wa Machi

Hatukuingia msituni. Kulungu huishi kwa mafuta ya mwilini wakati huu, na kila anapokurupushwa anapoteza akiba ambayo hawezi kuirudisha. Pembe zinaweza kungoja. Nyumbani tuliendelea mara mbili kwa wiki, kwenye theluji.

Mwisho wa Machi na Aprili

Tulitoka siku tisa. Tunaanzia miteremko inayotazama kusini, jua linakopiga na kulungu wanakolala, kisha njia za kutoka malazi hadi mabaki ya mahindi, kisha kila mahali ambapo njia yao inaruka seng'enge, kwa kuwa mshtuko wa kutua huangusha pembe iliyolegea.

Siku mbili za kwanza, bure. Siku ya tatu tulikuwa tunapita bonde la mierezi, mimi na binti yangu tumeshalikagua kwa macho na kulimaliza. Mkaa alikuwa mita ishirini kushoto, anakimbia, na kichwa kikavutwa kando. Nilimshika binti yangu mkono tusimame. Akazunguka, duara dogo, dogo zaidi, kama siku ile ya ini, akaingiza kichwa chini ya tawi lililoanguka na kutoka rivasi. Pembe ya kulia, ncha nne, rangi ya kahawia ya gome la mti, panya wameshaanza kutafuna kitako chake kwa ajili ya madini. Aliileta akiwa ameibeba katikati, mizani sawa, akapanda mteremko wote nayo na kuikalisha mkononi mwa mtoto.

Hadi leo ni pembe tano: Mkaa tatu, sisi mbili. Kupe ndio wengi kuliko pembe. Wale wadogo wa kulungu huambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo jioni anapigwa kitana, masikio na makwapa vinakaguliwa kwa tochi, nasi hali kadhalika. Na kuanzia 16 Aprili hadi 14 Julai kwenye maeneo ya serikali ya wanyamapori mbwa lazima awe kwenye kamba, maana ndege wa viota vya chini wanataga. Tumebaki na shamba la mzee tu.

Pembe ya kushoto ya yule wa ncha nne haijaonekana. Mzee anasema Februari alimwona dume wa pembe moja akivuka barabara kuelekea shamba la soya upande wa kaskazini. Jumamosi upepo utatoka huko.