OK ilianzia kwenye utani wa magazeti

Kazi yangu ni kusahihisha prufu za gazeti, na kosa la tahajia huniuma kama jino. Sasa fikiria: OK, hii tunayojibia ujumbe wa simu kutwa kucha, ilitokana na watu kukosea makusudi.

Machi 23, 1839, gazeti la Boston Morning Post la Marekani lilikuwa likimtania mhariri mwenzao wa mji wa Providence. Kulikuwa na chama cha mzaha, Anti-Bell-Ringing Society (cha kupinga upigaji wa kengele), na mwandishi akadokeza kwamba wanachama wakipitia huko, jamaa atawaandalia kila kitu "o.k.", na vizibo vya chupa vitaruka juu kama cheche. Papo hapo akaweka maana: all correct, yaani yote sawasawa. Herufi zenyewe zilitoka kwenye "oll korrect", tahajia ya kihuni. Wahariri wa Boston siku hizo walikuwa na ugonjwa wa vifupisho vya aina hiyo, O.W. ilikuwa "oll wright", yaani all right. Hiyo nani anaikumbuka leo?

OK iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena, na kwa kuwa kwao ni Kinderhook, New York, wafuasi wakamwita Old Kinderhook, wakaanzisha O.K. Club. Alishindwa na William Henry Harrison. Herufi zikabaki.

Aliyefukua haya yote ni Allen Walker Read, mtaalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyepekua magazeti ya zamani na kuchapisha matokeo mwaka 1963 na 1964. Wapo wanaoshikilia kwamba neno ni la Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani. Mimi niko na Read: yeye ana gazeti lenye tarehe mkononi.