Sita Kamili, Ngamiani

Basi liliharibika Mkata. Tukakaa saa nzima chini ya mwembe tukitafuna mahindi ya kuchoma, utingo kalala chini ya gari. Segera sikuiona, nilisinzia. Muheza nikaamshwa na kelele za wauza machungwa, nikavuta mfuko mmoja dirishani, maana kwa mjomba huendi mikono mitupu. Kange nikapanda bodaboda hadi Ngamiani.

Mjomba yuko barazani, vilevile nilivyomwacha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Waja leo waondoka leo, au unalala?"

"Nalala."

Alikuwa baharia. Mwishoni mwa miaka ya themanini alirudi na deki na kanda chache, mojawapo ya mchezo wa kuteleza kwenye barafu, Olimpiki ya Calgary ya 1988. Dhahabu aliichukua Katarina Witt wa Ujerumani Mashariki, lakini mtaani kwetu aliyeshangiliwa ni Debi Thomas, binti mweusi wa Marekani aliyepata shaba. Kabla yake hakuna mweusi aliyewahi kupata medali katika Olimpiki za baridi. Sisi watoto tukamwaga maji ya sabuni kwenye sakafu ya saruji, tukateleza na soksi za shule. Pengo langu la mbele ni la siku ile. Wakubwa wamejipanga mkekani, wamekuwa majaji: huyu "tano nukta nane!", yule "sita!" Juu ya sita hakuna kitu. Hata bibi, ambaye hakusoma, alilijua hilo.

Kwenye basi nilikuwa nikiwaza mchezo ule umepoaje huko Marekani. Mwaka 1994 Nancy Kerrigan alipigwa rungu mguuni kwa njama ya watu wa karibu na mpinzani wake, Tonya Harding. Wiki chache baadaye, Olimpiki ya Lillehammer, karibu nusu ya nyumba zenye televisheni Marekani ziliwatazama wakishindana. Umbea ule uliuza kuliko barafu yenyewe, na umbea wa namna hiyo hauvunwi kila mwaka. Halafu 2002, Salt Lake City, jaji wa Ufaransa akasema ameshinikizwa awape kura Warusi, baadaye akakana. Wakanada, waliokuwa wa pili, nao wakapewa dhahabu yao. Mwaka 2004 alama ya sita ikazikwa. Sasa kila mruko una bei yake, unajumlishwa kama risiti ya dukani. (Wajapani hayo hayawahusu: mwaka 2023 mtelezaji wao Yuzuru Hanyu alijaza watu 35,000 uwanja wa Tokyo Dome, kuja kumwona yeye tu.)

Baada ya alasiri nikatoa simu. Nilikuwa nimepakua video ya Ilia Malinin, mashindano ya dunia ya 2024, Montreal. Mjomba akavaa miwani. Kijana akaruka, mizunguko minne na nusu hewani, akatua kama paka.

"Lahaula!" Akanishika mkono. "Rudisha."

Nikarudisha. Mara ya tatu muuza kahawa alikuwa ameshaweka birika chini, kainama begani kwangu, vikombe vimenyamaza mkononi.

"Kapata ngapi huyu?" akauliza.

"Mia tatu thelathini na tatu nukta saba sita."

"Kati ya ngapi?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mjomba akavua miwani, akachukua kikombe chake, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kikoi.