Bakuli la Deheni

Jana binti yangu alikuwa kwenye kompyuta ya kaka yake akicheza Minecraft. Akabonyeza kile kitabu cha kijani kando ya mkoba, orodha ya vitu vyote anavyoweza kutengeneza ikafunguka. Akanigeukia: "Mama, kabla ya hiki kitabu watu walijuaje?"

Nikamwambia kitabu kilikuja 2017 kwenye toleo la Java. Kabla ya hapo ilikuwa ujue mwenyewe kwamba shoka la jiwe ni mawe matatu na vijiti viwili, na ujue pia kila kimoja kinakaa mraba upi kati ya ile tisa. Kama hujui, umuulize mwenzio au ukatafute kwenye intaneti.

"Kwa hivyo walihifadhi?" Aliuliza kwa sauti ya mtoto wa madrasa, anayejua kuhifadhi ni kazi gani. Nikasema ndiyo, akarudi kwenye mchezo wake. Mimi nikabaki namuwaza mama mdogo na kiganja chake.

Ilikuwa wakati tukitengeneza ule mchezo wetu wa simu wa jahazi, mimi na wenzangu tulipokuwa bado kwenye chumba cha juu Kibokoni, Mombasa, joto la kaskazi limekaza na feni inazungusha hewa ileile. Mchezaji hupewa chombo kikuukuu kilichopandishwa pwani, akitengeneze kabla kusi haijaanza kuvuma, maana kusi ndiyo itakayompeleka Arabuni. Kazi kubwa ni kalafati: pamba husokotwa, ikalowekwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi na nyundo kwenye mianya ya mbao. Sehemu itakayozama majini hupakwa deheni. Juu hupakwa sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyotoka nguoni.

Yote hayo yalipitia kurasa mbili. Mmoja tuliuita Mkoba, una nafasi 40 za kuwekea vitu. Wa pili Karakana, ambako vitu huunganishwa. Karakana ilikwambia kitu fulani kinahitaji nini, lakini haikukwambia unavyo vingapi. Mkoba ulikwambia unavyo vingapi, lakini haukujua unataka kufanya nini. Na picha zenyewe, makumbi, kamba, gunia, pamba, zote zilikuwa za rangi ya udongo, ndogo, kwenye kioo cha simu. Niliachiwa mimi nizipange upya kurasa hizo, na kabla sijachora chochote nikamwita mama mdogo aje acheze nimuangalie.

Mama mdogo ni mchezaji kweli. Baada ya Isha hucheza Candy Crush mpaka simu izime, na kitu kikimuudhi husema. Alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miwani imeteremka puani, akashika simu kwa mikono miwili. Nilikaa nyuma ya bega lake. Sheria ya kumwangalia mchezaji ni kunyamaza, na kunyamaza mbele ya mama yako mdogo anayehangaika si jambo jepesi.

Akafungua Karakana. Akasoma: pamba kumi na mbili, mafuta matatu. Akafunga. Akafungua Mkoba, kidole gumba kikaenda kwenye makumbi badala ya pamba, kikarudi, kikagusa gunia. Miongozo ya Android inasema kitu cha kubonyezwa kiwe angalau dp 48, kipimo chao cha kioo, yaani kama milimita tisa, na vyetu havikufika hapo. Alipoipata pamba, hesabu ilikuwa imemtoka. Akafunga, akarudi Karakana, akasoma tena, safari hii kwa sauti: "Kumi na mbili, matatu. Kumi na mbili, matatu." Akaingia Mkobani huku midomo ikitembea.

"Mwanangu," akasema bila kuinua macho, "vitu viko huku, hesabu iko kule. Sasa mie nishike lipi?"

Sikujibu. Akanyoosha mkono akachukua kalamu yangu ya wino, akaandika kwenye kiganja cha kushoto, taratibu, kila kitu na idadi yake. Pamba 12. Mafuta 3. Kisha akafungua deheni, na hapo kalamu ikasimama.

"Chokaa," akasoma. "Na shahamu."

Akaandika chokaa. Akaandika shahamu. Akakitazama kiganja, akakileta karibu na pua kana kwamba kitakuwa na harufu.

"Ndiyo hii," akasema. "Wallahi ndiyo hii."

Babu yangu, baba yake, alikuwa fundi wa majahazi. Mama mdogo akiwa msichana ndiye aliyempelekea chakula pwani. Alikuwa akiweka sahani chini mbali na chombo, anaita, anaondoka, kwa sababu mtoto wa kike hakuwa na la kungoja pale kati ya wanaume. Harufu ya ile kitu waliyokuwa wakiipaka ilimfuata mpaka nyumbani kwenye kanzu ya baba yake, na miaka yote hakujua imetengenezwa na nini. Hakuuliza, na babu si mtu aliyekuwa akisimulia kazi akifika nyumbani. Sasa ameijua kwenye kiganja chake, kwa wino wangu, kwa sababu ukurasa haukumuachia njia nyingine ila kuiandika.

Mchezo ulikaa kando muda mrefu siku hiyo. Alinieleza ile kanzu.

Kupanga upya kwenyewe hakuna mengi ya kusimulia. Kurasa mbili zikawa moja. Kila kitu cha kutengeneza kikaonyesha ulichonacho juu ya kinachohitajika, 7 kwa 12, na kisichowezekana kikafifia. Vitu vikakaa kwa mpangilio wa kazi, vya kalafati pamoja, vya tanga pamoja. Picha zikakua, pamba ikawa nyeupe, makumbi yakabaki na rangi yake. Kikaongezwa kitufe kimoja: Tengeneza. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliliweka hili katika kanuni zake kumi mwaka 1994, kwamba mtu aonyeshwe akitambue kitu, asilazimishwe kukikumbuka. Nililiamini na bado naliamini. Vijana waliokuja kujaribu walipita mahali ambapo wenzao walikuwa wakikwama, wakafika baharini wakiwa na furaha.

Mama mdogo naye akaja. Kidole gumba kilikwenda bila kusita: Tengeneza, Tengeneza, Tengeneza. Chombo kikawa tayari, mawimbi yakasikika. Nilikuwa nimesubiri uso wake. Akaweka simu mapajani.

"Umenisahilishia," akasema. "Lakini kazi umeifanya wewe. Mie nimefanya nini?"

Nikamuuliza, je, kwenye deheni kulikuwa na nini? Akacheka, akasema hilo analijua, si aliliandika. Nikamuuliza mchanganyiko wa pamba safari hii ulihitaji mafuta kiasi gani, maana idadi tulikuwa tumeibadilisha. Hakujua. Hakuna kilichomtaka ajue.

Tulibishana chumba kizima. Mwenzetu mmoja alikumbusha mchezo wa Resident Evil 4 wa mwaka 2005, ambamo silaha unazipanga mwenyewe ndani ya sanduku, unazigeuza mpaka zienee, na watu wanaipenda ile kazi kama mchezo wa pembeni. Mwingine akasema sanduku lile halimfichi mtu hesabu, linampa kitu cha kuchezea, na sisi tulichokuwa nacho mwanzo kilikuwa usumbufu tu. Wote wawili walisema kweli.

Tulichofanya ni hiki. Kitu unachokitengeneza kwa mara ya kwanza hakina kitufe. Linatokea bakuli, na wewe unaburuta: chokaa, kisha shahamu, kisha unazungusha kidole mpaka vishikane. Baada ya hapo, kitufe. Bakuli la deheni nililipigania kuliko yote. Nilitaka liwe zito kidogo, kidole kichoke.

Wapo wanaokwama pale. Tunawaona: wanaingiza chokaa, wanasubiri kitufe, hakiji, wanatoka na hawarudi. Mwenzangu anataka bakuli liondolewe, na hoja yake ina uzito, kwani mchezaji anayekatia tamaa bakulini haioni Bandari ya Kale kutoka majini wala hafiki popote. Mama mdogo kwake bakuli ni sawa, ila anasema shahamu inayeyuka upesi mno. Nimemwambia mwenzangu tusiliguse mpaka tuwapate wachezaji wengine ambao baba zao au babu zao walikuwa mafundi, tuketi nyuma ya mabega yao tunyamaze. Amekubali kungoja, bila kuridhika.