Nafasi 10, fremu 11

Tangu Jumanne neno moja halinitoki masikioni: "Basi."

Ni lile ghala la chuma la Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala, nimeshaliandika hapa. Upana mita 15, urefu mita 60, fremu moja, yaani nguzo mbili na boriti za paa juu yake, kila mita 6. BOQ yake, yaani orodha ya vifaa na kiasi chake, niliikeshea. Boriti za paa nilizipima kwa mwinamo wake wa digrii 10, si kwa upana wa sakafu, ndiyo maana mita 15 zikawa 15.23. Mabati niliyahesabu kwa upana unaofunika, si upana wa bati zima. Papi za chuma, zile zinazolazwa kutoka fremu hadi fremu kushika mabati, nikaziongezea urefu wa kupishana. Halafu nikagawa 60 kwa 6, nikaandika fremu 10.

Yule mzee wa Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, atakayesimamisha vyuma alipitisha kidole kwenye karatasi mpaka mstari huo, akatulia. Akanyanyua mkono wa kushoto, masizi yamemwingia hadi kwenye mikunjo ya kiganja, akatanua vidole.

"Binti yangu, vingapi hivi?"

"Vitano, Mzee."

"Na nafasi kati yake?"

Nikazihesabu kwa macho. "Nne."

"Basi."

Akanirudishia karatasi.

Nafasi 10 zinataka mistari 11 ya fremu, kama vidole na nafasi zake. Papi hufuata nafasi. Fremu hufuata mistari, na pamoja nazo mabamba ya chini na bolti za msingi. Fremu niliyoiacha ni ya IPE 300, chuma chenye umbo la I na kimo cha milimita 300, kilo 42.2 kwa mita. Nguzo mbili za mita 5 na boriti zake hupita tani moja kabla hujagusa bamba la kiungo. Na vyuma hivi huviendei dukani asubuhi ukavipata. Vinakatwa na kutobolewa kiwandani, vinashuka Mombasa, vinavuka mpaka wa Malaba. Tungekuwa na mabati ya ukuta wa mwisho na hatuna pa kuyafunga.

Usiku ule sikulala. Ile "basi" niliisikia kama mlango unafungwa. Miaka sita kazini, nafundishwa kuhesabu vidole! Jumatano bosi akanikabidhi mradi wa Jinja, Ijumaa mdogo wangu akaolewa Bombo, na mimi katikati ya vigelegele bado nauona mkono ule.

Ni pale, nikimsaidia Mama kukunja mikeka, ndipo nilipokumbuka kitu. Bosi alikuwa mezani nasi tangu mwanzo. Mzee aliuona mstari ule mapema. Kidole chake kilikuwa kimeshatulia. Alinyamaza mpaka bosi alipotoka kupokea simu, ndipo akanyanyua mkono. Na alisema kwa sauti ya chini sana, sauti ya mtu anayemfunika mwanawe shuka.

Kesho nitapita Katwe kumsalimia, nimpelekee na sambusa za harusi kabla hazijaharibika.

Mama hapokei simu tangu jana magharibi. Umeme wa Bombo ulikuwa umekatika, huenda ni chaji tu, lakini aliponiaga alikuwa ameshika kiuno.