Ninavyozuia kaliperi za breki zisigande kwa kutu

Gari langu hukaa sana bila kutembea, na gari linalokaa hushika kutu kwenye breki upesi kuliko linalopiga kazi kila siku. Kutu ya juujuu kwenye diski hainisumbui. Ukikanyaga breki mara chache inafutika yote. Balaa liko kwenye kaliperi, kile chuma kinachozibana pedi za breki kwenye diski, ambacho hukioni vizuri mpaka uvue tairi.

Iliyonifanya nianze kuzifuatilia ni rimu ya mbele, upande wa kulia. Hata nikiendesha bila kufunga breki sana, ilikuwa inachemka, wakati ya kushoto ni vuguvugu tu. Nikalipiga gari jeki, nikaweka stendi (chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake mimi siingii), nikazungusha tairi kwa mkono. Lilikuwa zito. Pedi ya ndani ilikuwa imelika karibu kufika kwenye bati, ya nje bado nene.

Tofauti hiyo ina maana yake. Kaliperi za magari mengi zina pistoni upande mmoja tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kaliperi nzima inateleza kwenye pini mbili na kuivuta pedi ya nje ibane diski. Pini zikiganda, pedi ya ndani inabeba mzigo peke yake, na hata ukiachia pedali inaendelea kukwaruza. Ila pistoni iliyokwama nayo inaweza kula pedi namna hiyohiyo, kwa hiyo niliirudisha kwanza kwa klampu. Ikarudi taratibu bila kugoma. Ingegoma, ningelegeza skrubu ya kutolea upepo nijaribu tena: ikirudi kirahisi hapo, kasoro ni mpira wa breki (ule wa kupitisha mafuta hadi kwenye kaliperi) ulioziba ndani, na kununua kaliperi mpya ni kutupa pesa.

Basi ilikuwa pini. Moja ilichomoka vizuri. Ya pili niliizungusha kwa spana huku na huku hadi ikaachia, ikatoka na tope la kahawia, grisi ya zamani iliyochanganyika na kutu. Kiraba chake, kile kifuniko cha mpira kinachoikinga pini na maji, kilikuwa kimepasuka kidogo tu pembeni, mpasuko ambao usipokivuta kwa vidole huuoni. Maji yaliingilia hapo. Nilibadilisha pini pamoja na viraba vyote viwili. Wapo wanaoipiga pini msasa na kuirudisha, lakini ukishaondoa ule mpako wake wa juu, kutu inarudi upesi, na pini si kitu cha kubania matumizi.

Matundu niliyasafisha kwa dawa ya kusafishia breki na kibrashi chembamba, nikayaacha yakauke. Halafu grisi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha viraba, na kiraba kikivimba kinaibana pini ileile uliyotaka iteleze. Natumia ya silikoni iliyotengenezwa kwa breki, tena naipaka nyembamba. Ukijaza tundu, grisi na hewa vinakosa pa kwenda na pini inajisukuma nje. Pini mojawapo ikiwa na mpira nchani, irudi kwenye tundu lake, usizibadilishane.

Kazi inayochosha ni kwenye bracketi, pale masikio ya pedi yanapokaa. Kutu huota chini ya vile vibati vya chuma cha pua na kuviinua, pedi ikakosa nafasi. Navitoa, nasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, navirudisha. Pedi inatakiwa iingie kwa kusukumwa na kidole. Ukijikuta unatafuta nyundo, rudi ukasugue. Na wakati wote huo kaliperi naifunga kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye mpira wa breki.

Pistoni yenyewe huanza kuliwa na kutu kwa nje kiraba chake kikipasuka, na kwa ndani mafuta ya breki yakizeeka. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3, mojawapo ya madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya hairuhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Mimi nayabadilisha yote kila baada ya miaka 2, na chupa iliyokaa wazi siitumii hata ikiwa imejaa. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4.

Siku hizi pini nazichungulia kila ninapohamisha matairi, kazi fupi kwa kuwa tairi limeshatoka. Nikiosha gari, nazunguka nalo kidogo nikikanyaga breki ili zikauke kabla ya kuliegesha. Likiwa la kukaa muda mrefu kwenye sehemu tambarare, naliacha kwenye gia na vigingi matairini bila kuvuta handibreki, maana pedi zilizobanwa kwenye diski yenye unyevu hung'ang'ania. Kaliperi za nyuma zenye handibreki ndani yake zinataka uangalifu zaidi: nyingi, pistoni hurudi kwa kuzungushwa kwa kifaa chake, na ukiilazimisha kwa klampu unavunja mtambo wa ndani. Na breki zikishafunguliwa, pampu pedali mpaka ikaze kabla hujaliondoa gari.