Nilivyomchagulia Mjomba Anime ya Kwanza

Orodha za anime, yaani katuni za Kijapani, za kuanzia zinafanana mno. Karibu kila shabiki akiulizwa na mgeni atazame nini humtajia Naruto, Death Note, Attack on Titan na One Piece, na anayejiona mjuzi zaidi huongeza Cowboy Bebop na filamu za Studio Ghibli. Vijana wenzangu wa hapa Moshi nimewapa orodha ya namna hiyo mara nyingi, nayo imewafaa, kwa kuwa wengi wao wamekulia kwenye filamu za mapigano na hawahitaji kushawishiwa sana. Aliponiomba mjomba wangu wa Machame, mwalimu mstaafu wa michezo aliyevuka miaka sitini na ambaye pia ni mzee wa kanisa, nililazimika kufikiri upya kabisa.

Ombi lake lilikuwa na sababu. Mjukuu wake wa darasa la sita alikuwa amekuja kwake likizo, naye alikuwa akishinda na simu akitazama Naruto tangu asubuhi. Mjomba hakutaka kumkataza mtoto jambo asilolijua. "Mjomba," aliniambia, maana sisi huitana hivyo wote wawili, "nitafutie moja ya watu wazima niione mwenyewe, lakini usiniletee kitu cha kunitia aibu mbele ya Mama Neema."

Sharti hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Anime nyingi zenye sifa njema zina vipande ambavyo mpwa na mjomba hawawezi kuvitazama pamoja wakabaki wamekaa kwa amani. Mfano mzuri ni Your Name ya Makoto Shinkai, filamu ya mwaka 2016 ambayo naihesabu miongoni mwa zilizochorwa kwa uzuri wa pekee. Humo mvulana wa Tokyo na msichana wa kijijini hubadilishana miili, na mapema tu katika hadithi mvulana anaamka ndani ya mwili wa msichana na kujipapasa kifua kuhakikisha kama anaota. Vijana hucheka na kuendelea, lakini sebuleni kwa mzee wa kanisa mtu angekuwa anatafuta rimoti. Kwa hiyo kila nilichokifikiria nilikitazama kwanza peke yangu, hata kama nilikwisha kukiona zamani, kwa sababu tulivyotazama tukiwa vijana hatukuwa tukiangalia mambo ya namna hiyo.

Urefu nao uliondoa nyingi. One Piece ilianza kurushwa mwaka 1999 na imekwisha kupita episodi 1,000. Naruto ya mwanzo ina episodi 220, kisha inafuatiwa na Naruto Shippuden yenye 500. Mtu mzima anayejaribu kitu kwa mara ya kwanza anataka kujua kitaisha lini, na jibu la kwamba bado kinaendelea kwa zaidi ya miaka ishirini halimtii moyo hata kidogo.

Suala la dini nililipima kwa makini zaidi. Wapenzi wengi wa anime huwaanzishia wageni Spirited Away ya Hayao Miyazaki, iliyotoka mwaka 2001, ikapata Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin mwaka 2002 na tuzo ya Oscar mwaka 2003. Sina ubishi na tuzo hizo. Lakini hadithi yake inatokea katika nyumba ya kuogea inayohudumia miungu na mizimu, na nilijua kwamba ikitangulia, jioni nzima tungejadili mizimu, na msichana Chihiro, ambaye ndiye kiini cha filamu, angesahaulika. Niliiweka pembeni nikiwa na nia ya kuirudia atakapokuwa amekwisha kuuzoea mtindo wa Wajapani wa kusimulia.

Baada ya kuondoa yote hayo niliacha kufikiria anime nikaanza kumfikiria yeye. Nilimwuliza anatazama nini jioni. Alisema mpira, riadha, na taarifa ya habari ya saa mbili. Baada ya hapo runinga huwa ya Mama Neema na tamthilia zake za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, ambazo mjomba anadai hazitazami ingawa anawajua wahusika wote kwa majina na anajua nani kamdhulumu nani. Jibu hilo lilinifungua macho kwa mambo mawili. La kwanza, nyumba ile ilikwisha kuzoea hadithi ya nusu saa inayoendelea kesho, kwa hiyo ushauri wa kawaida wa kumwanzishia mgeni filamu fupi kabla ya mfululizo haukuwa na maana kwao. La pili lilikuwa riadha.

Mjomba aliwafundisha wanafunzi kukimbia kwa miaka mingi na kuwapeleka kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Ukimpa nafasi atakusimulia jinsi Filbert Bayi alivyovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza tangu mwanzo wa mbio, na atakueleza pia kuhusu Juma Ikangaa na marathoni ya Fukuoka ya mwaka 1983, ambapo Mjapani Toshihiko Seko alimpita mwishoni kabisa. Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde, mjomba alinipigia simu kabla sijamaliza kupiga mswaki. Mtu wa aina hiyo ukimpa hadithi ya wapelelezi au ya majitu yanayokula watu, utakuwa umeacha mlango uliokwisha kuwa wazi.

Nikamchagulia Run with the Wind. Ni mfululizo wa episodi 23 uliotengenezwa na Production I.G na kurushwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018 hadi mwanzoni mwa 2019, kutokana na riwaya ya Shion Miura. Wanafunzi kumi wa chuo kikuu wanaishi katika nyumba moja chakavu, na mmoja wao, Haiji, anawaambia kwamba wote kumi watakimbia mbio za kupokezana za Hakone. Wengi wao hawajawahi kukimbia kwa dhati. Mmoja anavuta sigara, mwingine hajui lolote zaidi ya kusoma vitabu vya katuni.

Mbio za Hakone ni za kweli, na hapo ndipo mjomba alipokamatika. Zilianza mwaka 1920, na hukimbiwa tarehe 2 na 3 Januari kila mwaka kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi, zaidi ya kilomita 217, zikiwa zimegawanywa kwa wakimbiaji kumi ambao kila mmoja hukimbia takriban kilomita 20. Badala ya kijiti, hupokezana mshipi wa kitambaa unaovaliwa begani. Timu ikichelewa mno nyuma ya inayoongoza, mkimbiaji anayefuata huanzishwa bila kuusubiri mshipi wa wenzake, akapewa mwingine, na kwa Wajapani hilo ni jambo la kuliza. Kipande cha tano hupanda mlima kutoka karibu na usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 800. Mjomba alipoliona lile pando alisema ni sawasawa na kumtoa mtu Njia Panda ya Machame na kumwambia akimbie hadi lango la hifadhi. Nilipomwambia kwamba Seko wa Fukuoka naye alikimbia Hakone alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waseda, alisimamisha picha ili tuzungumze vizuri.

Kuna jambo moja sikumwambia mapema, nalo lilifanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote. Miongoni mwa wale kumi yumo Musa Kamala, mwanafunzi wa sayansi kutoka Tanzania. Ni mpole, anazungumza Kijapani cha heshima kuliko Wajapani wenyewe, na wenzake wanadhani lazima awe na mbio kwa sababu tu ni Mwafrika, ilhali hana historia yoyote ya riadha. Dhana hiyo haikuzuka hewani, kwani vyuo vya Japani vimekuwa vikiwachukua wakimbiaji wa Kenya kwa miaka mingi. Mjomba alipolisikia jina la Tanzania aliita jikoni, "Mama Neema, njoo uone, humu kuna mtu wetu!" Kisha akaamua mwenyewe, kwa ushahidi wa jina la Kamala, kwamba kijana huyo ni Mhaya wa Bukoba, na tangu siku hiyo hakumwita tena Musa bali Mhaya.

Upande wa vifaa haukuwa na ugumu mkubwa, ila unahitaji kupangwa. Simu haimfai mtu wa umri ule. Nilipakua episodi nikiwa mjini ili nisitegemee mtandao wa kule juu wala kumaliza bando, nikaunganisha kompyuta yangu na runinga kwa waya wa HDMI, nikayakuza maandishi ya chini ya skrini hadi mjomba akayasoma bila kusogeza kiti. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, ambacho Mama Neema hakifuati vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kumtafsiria, lakini mjomba alinitangulia, na kufikia episodi ya tatu alikuwa akisimulia kwa sauti kama wale watafsiri wa filamu kwenye mabanda ya video, akiongeza na ushauri wake wa kiufundi kuhusu mikono inayopeperuka na kidevu kilichoinuliwa. Nilimwacha. Sauti yake imeifaa hadithi ile kuliko maandishi.

Kwa kuwa Mama Neema alikwisha kuvutwa sebuleni, nilimtafutia na yeye ya kwake. Anafuga ng'ombe wa maziwa wa ndani na anauza maziwa kila asubuhi, kwa hiyo nilimpelekea Silver Spoon, mfululizo wa misimu miwili mifupi ya mwaka 2013 na 2014. Unamhusu Hachiken, kijana wa mjini Sapporo anayekwenda kusoma sekondari ya kilimo huko Hokkaido bila kujua lolote kuhusu mifugo. Aliyeiandika hadithi hiyo, Hiromu Arakawa, alikulia katika shamba la ng'ombe wa maziwa Hokkaido, na jambo hilo linaonekana. Hachiken anashtuka kugundua mayai hutokea wapi. Anampa nguruwe jina huku akionywa asifanye hivyo kwa kuwa siku ya kuchinjwa itafika. Na baadaye unaona familia ya wafugaji ikizidiwa na madeni. Mama Neema alicheka sana kwenye mayai. Kwenye madeni alinyamaza, kisha akauliza kama Wajapani nao hukopa kwa kuweka mifugo rehani.

Naruto, ambayo ndiyo iliyoanzisha safari yote, tuliifikia kwa njia ya mjukuu. Mjomba aliketi naye, safari hii akiwa mtu anayejua kuuliza. Aliuliza kwa nini hadithi inasimama kwa muda mrefu bila jambo lolote kusonga mbele, na hilo ni swali la haki. Anime hiyo ilirushwa kila wiki huku kitabu chake cha katuni kikiendelea kuandikwa, na ilipokaribia kukifikia kitabu, watengenezaji walijaza episodi zisizokuwemo humo ili mwandishi apate nafasi ya kutangulia. Sehemu kubwa ya zile zinazotoka karibu na ya 140 hadi mwisho ni za namna hiyo. Niliwaandikia kwenye karatasi zipi wazitazame na zipi waziruke, na mjomba akaitumia karatasi hiyo kupunguza saa za simu bila ya kumkataza mtoto. Sijui kama mjukuu amenisamehe.

Spirited Away ilikuja baada ya hapo, nami niliitambulisha kwa maneno machache: wazazi wanakula chakula kisicho chao bila kuuliza, wanageuzwa nguruwe, na binti yao wa miaka kumi analazimika kutafuta kazi ili awaokoe. Mizimu haikumsumbua mjomba kama nilivyotazamia. Alichokishikilia ni kwamba mtoto yule, aliyeanza akilalamika kwenye kiti cha nyuma cha gari, anaposugua sakafu anajifunza kusalimia na kushukuru, na alitaka mjukuu wake aione sehemu hiyo mara mbili. Mimi ningechagua sehemu nyingine, ile ya treni inayopita juu ya maji, lakini mwalimu ni mwalimu.

Anayetaka kufanya kama mimi asiinakili orodha hii. Ningekuwa na mjomba fundi cherehani au shangazi muuguzi, hakuna hata moja kati ya hizi ambayo ingetangulia. Hivi sasa nimewaandalia Monster, kisa cha Kenzo Tenma, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Düsseldorf, Ujerumani, anayeamua kumpasua mtoto aliyepigwa risasi kichwani badala ya meya aliyeletwa baadaye, na miaka kadhaa mbele anagundua kwamba aliyemwokoa ni muuaji. Ina episodi 74, urefu ambao mwanzoni nisingethubutu kuutaja katika nyumba ile. Niliwaeleza kisa hicho tu wakati wa chai ili waniambie kama wangeipenda. Mjomba anashikilia kwamba daktari alifanya haki, kwa sababu mtoto ndiye aliyefika kwanza. Mama Neema anasema aliyefika kwanza si hoja, bali meya alikuwa na mji mzima unaomtegemea. Hawajatazama hata episodi moja, na nimeambiwa Jumamosi nisichelewe.